Ufito Ulitangulia Kipanya

Kuna sentensi inayorudiwa huku kwetu Mbita kila panapoitishwa mkutano wa vijana na teknolojia: ati mafundi wa mashua wamepitwa na wakati. Leteni kompyuta, leteni mashine ya kukata, wacha wazee wapumzike. Watu wanapiga makofi, soda zinagawanywa, kila mtu anarudi nyumbani akiamini amesikia jambo la maendeleo. Mimi nasema sentensi hiyo ni uongo. Inawanyima vijana wetu kazi nzuri, inawadharau watu waliotuvusha ziwa hili maisha yetu yote, na tukiifuata hadi mwisho, siku moja itamzamisha mtu.

Hebu tuanze na kozi zenyewe. Kijana amemaliza kidato cha nne. Mzazi ameuza ng'ombe au amekopa kwenye chama, karo imelipwa. Wiki ya kwanza kijana anafundishwa kufungua programu ya kuchora. Halafu anachora mstari ulionyooka, mraba, duara. Kisha anafika kwenye mpindo, na hapo mambo yanaisha haraka ajabu: bofya hapa, bofya pale, bofya tena, mstari unajikunja wenyewe, hifadhi faili, peleka kwa mashine. Imekwisha hiyo. Hakuna anayemuuliza kwa nini mstari umejikunja hivyo na si vinginevyo. Hakuna anayemwambia kwamba kile chombo anachobofya kina jina la zamani, na kwamba jina hilo lilitoka kwa waunda vyombo vya majini.

Jina ni splaini. Kabla haijawa kitufe kwenye skrini, splaini ilikuwa kipande cha mbao: ufito mrefu, mwembamba, unaopindika bila kuvunjika. Waunda meli wa Ulaya walichora chombo kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu pana, na ufito huo ndio uliowapa mipindo. Waliushikilia kwa vipande vizito vya risasi ili usihame. Ufito ukishikwa mahali pachache tu, hujipinda wenyewe katikati kwa njia iliyo rahisi zaidi kwake. Waunda ndege nao wakautumia. Mwaka wa 1946, mwanahisabati Isaac Schoenberg alipoandika hesabu za mipindo ya namna hii, alilichukua neno hilo la mafundi akaliingiza katika hisabati. Mwaka wa 1959 Paul de Casteljau akiwa Citroën, na katika miaka ya 1960 Pierre Bézier akiwa Renault, walitafuta namna ya kueleza mipindo ya bodi la gari kwa namba. Shida yao ilikuwa ni ya ukataji hasa: utaiambiaje mashine ikate umbo ambalo hadi hapo liliishi kwenye vielelezo vya mbao na kwenye jicho la fundi?

Kwa hiyo kila unapobofya mpindo, kijana, unatumia kumbukumbu ya ufito wa mbao. Ukisema mafundi wa mashua wamepitwa na wakati, umemfukuza mwalimu na kubaki na daftari lake.

Sasa teremka ufuoni. Iwe ni hapa Mbita, au Rusinga, au Sindo, au uvuke hadi Sena kule Mfangano, tafuta mahali panapoundwa mashua, yie kama tunavyoiita kwa Dholuo. Mkuku umelazwa juu ya magogo, omo imeinuka. Fundi hana karatasi, ana ufito. Anauegemeza kwenye mataruma matatu au manne, anaushika kwa misumari midogo ambayo haijazamishwa, halafu anarudi nyuma. Anafumba jicho moja, anainama kwenye ncha ya ufito na kuutazama kwa urefu wake wote, kama mtu anayelenga shabaha. Ukiutazama hivyo, ufito wa mita sita unajikusanya ukawa kama wa shubiri mbili, na kila kinundu kinajitokeza. Anang'oa msumari mmoja. Ufito unajirekebisha. Anatazama tena. Akiridhika ndipo penseli inapita.

Programu za bei kubwa zina chombo cha kufanya kazi iyo hiyo. Zinachora meno kama ya kitana juu ya mpindo, marefu pale mpindo ulipo mkali, mafupi pale ulipotulia, ili mchoraji aone mahali unapobadilika ghafla. Watu wanalipia leseni ili wapate kitana hicho. Fundi wetu anacho jichoni, na hajawahi kumtoza mtu.

Kanuni ya kwanza ni ile ile kwenye mbao na kwenye skrini: misumari iwe michache. Ufito ulioshikwa kwa misumari kumi na miwili hauwezi kutulia, kwa sababu kila msumari una kosa lake dogo la milimita mbili tatu, na ufito unalazimika kuyapitia makosa yote. Ushike kwa minne, makosa mengi yanaondoka. Kijana wa kozi akiona mpindo haujakaa vizuri huongeza pointi. Anaona tatizo, anabofya. Tatizo linahamia kando, anabofya tena. Mwishowe ana pointi mia moja na mstari unaotetemeka kama mkono wa mlevi. Fundi akiona tatizo lilo hilo huondoa msumari. Sijui somo la mpindo lenye faida kuliko hilo, na linaweza kufundishwa kwa dakika kumi na mtu ambaye hajawahi kugusa kipanya.

Unataka ushahidi wa gharama ya kutolijua? Tazama mageti. Siku hizi kuanzia Homa Bay hadi Migori mjini, mtu akijenga nyumba anataka geti la bati nene lililokatwa kwa mashine ya plasma: maua, majani, farasi anayekimbia. Michoro mingi huwa imepakuliwa ikiwa tayari, na ndiyo maana farasi wa Rongo ni ndugu pacha wa farasi wa Mbita, ingawa sisi huku hatupandi farasi. Hapo hakuna mchoraji, kuna mpakuaji tu. Mfangano kuna michoro ya miambani, kule Mawanga na Kwitone, duara ndani ya duara kwa nyekundu na nyeupe, ambayo wageni husafiri mbali kuja kuiona. Sijaona geti hata moja lenye duara hizo. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyezipakia mahali pa kupakuliwa, na kijana hakufundishwa kuchora kitu kisichokuwepo tayari.

Siku mteja anapoitisha kitu cha kwetu, ndipo udhaifu unapofichuka. Katika karakana moja nilionyeshwa geti lenye samaki, ngege, ambaye mteja alikataa kumlipia. Mgongo wa ngege ulikuwa na vikona visivyohesabika, kama ukingo wa kisu cha mkate, na kila kikona kilikuwa na kidoti cheusi cha kuungua. Wenyewe waliilaumu mashine. Lakini mashine ilitii tu. Kijana alichukua picha, akaiamuru programu iifuate yenyewe, na programu ikampa mistari mifupi iliyonyooka, mamia kwa mamia, badala ya mpindo. Mashine ikifika mwisho wa kila kamstari inapunguza mwendo ili igeuke, na moto wa plasma ukikawia mahali pamoja unachoma. Mgongo wa ngege, jameni, ni matao mawili au matatu yanayopokezana bila kona. Yeyote aliyewahi kumpara samaki huyo anaujua kwa kidole. Chora matao hayo, yaache yagusane pale mwelekeo wa moja unapokuwa mwelekeo wa jingine, na mashine itapita mara moja kama mtu anayepaka siagi.

Tena kuna jambo la upana wa mkato. Moto wa plasma hula chuma, na leza nayo hula, ingawa kidogo zaidi. Ukichora shimo la milimita 20 na mashine ikapita katikati ya mstari wako, shimo litazidi 20 na kipande kitapungua. Kwa hiyo njia ya mashine lazima isogezwe kando ya mstari kwa nusu ya upana huo, nje kwa kipande, ndani kwa shimo. Nimewasikia watu wakilieleza hili kama siri kubwa ya teknolojia. Muulize seremala yeyote sokoni Mbita. Atakwambia msumeno hula mbao, ndiyo maana hukati juu ya mstari, unakata kando yake. Alifundishwa hilo akiwa mvulana, pengine kwa kofi.

Geti baya ni aibu tu. Mashua mbaya ni msiba, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Kila mara nasikia mipango ya mashua za kisasa zitakazokatwa kwa mashine: paneli za plaiwudi zinachorwa kwenye kompyuta, zinakatwa, zinaungwa kama sanduku la kabati. Si wazo baya. Lakini karatasi ya plaiwudi, ile ya milimita 2,440 kwa 1,220, ina tabia yake. Inakubali kupindwa upande mmoja, kama gazeti unalolikunja ukafungie njugu. Haikubali kupindwa pande mbili kwa pamoja, kama kibuyu. Jaribu kulivika kibuyu gazeti, utaona makunyanzi. Kompyuta haijali hayo. Itakuruhusu uchore mashua yenye tumbo la kibuyu, itaipaka rangi, itaizungusha kwenye skrini, mfadhili atafurahi. Kompyuta haikatai kitu. Mbao ndiyo hukataa.

Paneli zikikatwa na kukataa kukutana, mtu wa karakana atafanya nini? Muda umekwisha, pesa zimetumika. Atazilazimisha. Atakaza kwa bolti, atavuta kwa kamba, atajaza ufa kwa gundi. Mashua itatoka inang'aa. Lakini mbao iliyolazimishwa haisahau; inaendelea kuvuta kurudi ilikotoka, usiku na mchana, na mawimbi ya ziwa letu ni mafupi na yanagonga haraka. Kiungo kitafunguka. Kikifungukia ufuoni ni bahati. Kikifungukia katikati ya Mbita na Takawiri, mashua ikiwa na abiria, magunia ya mahindi na mtoto aliyebebwa mgongoni, na maboya ya kujiokoa hayatoshi, tutasema ni ajali. Haitakuwa ajali. Itakuwa mpindo uliochorwa na mtu ambaye hakuwahi kupinda mbao.

Fundi asingefika hapo, kwa sababu kwake mbao husema la mapema. Akiupinda ubao mpaka ukalia, anaacha, anabadili umbo. Na kabla ya yote huuliza maswali ambayo programu haina kisanduku chake: hii mashua ni ya nani, itatokea ufuo gani, itafanya nini? Ya kutega omena usiku na taa si ya kubeba watu hadi Mfangano. Inayoondoka asubuhi kukiwa shwari na kurudi alasiri upepo wa ziwa umeamka inahitaji omo inayojua kurudi. Hayo yote yanaingia kwenye mpindo.

Na sisi watu wa Mbita tulipaswa kuwa wa mwisho kuamini mstari uliochorwa mbali na maji. Katika miaka ya 1980 mlango wa maji kati ya Mbita na Rusinga ulifungwa kwa tuta la mawe na udongo ili magari yavuke. Kwenye ramani ilikuwa kazi rahisi: weka rula, piga mstari mfupi. Rusinga ilihitaji barabara, sipingi hilo. Lakini maji yaliyokuwa yakipita hapo kati ya ghuba na ziwa kuu yalizuiwa, na mashua zikalazimika kukizunguka kisiwa kizima. Ilichukua miongo mitatu hivi kabla ya daraja kujengwa na maji kupita tena. Mvuvi yeyote angeweza kusema maji ya mahali pale yanaelekea wapi. Rula haikuuliza.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa fundi hana mchoro, kwa hiyo akifa amekwenda na mashua yake. Ni kweli. Nitaambiwa mvule mzuri umekuwa adimu na ghali, na mashine inajua kupanga vipande kwenye karatasi moja bila kupoteza mbao. Ni kweli pia. Nitaambiwa mashine hukata taruma la kushoto na la kulia yakafanana kabisa, na ukitaka kumi ya aina moja unapata kumi. Hayo yote nayakubali, na ndiyo maana sitetei msumeno dhidi ya umeme. Nataka mashine ije. Ningependa iwe hapa Mbita, si lazima mtu aende Kisumu kila akitaka kukatiwa kitu. Ninachopinga ni kuileta mashine na kumwacha nje mtu pekee anayejua kinachopaswa kukatwa.

Vilevile sina subira na wale wa upande wa pili, wapenzi wa mambo ya kale, wanaotaka fundi abaki kama alivyo ili wampige picha machweo. Fundi si kitu cha makavazi. Tazama Lamu. Mwaka wa 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya. Plastiki haina tabia ya mti, lakini walikaa nayo, wakaisoma, wakaiunda kwa ujuzi ule ule wa jahazi. Mwaka wa 2019 jahazi hilo lilifika Zanzibar, na mwaka wa 2021 lilikuja kwetu likazunguka Ziwa Victoria. Nani basi anasema fundi anaogopa kitu kipya? Fundi anaogopa kudharauliwa, bana, kama mtu yeyote.

Wahenga waliwauliza wajenga nyumba moja mbona wanagombea fito. Huku kwetu hata hatugombei. Mmoja ameambiwa ufito wake ni takataka, mwingine amepewa picha ya ufito kwenye skrini akaambiwa ndiyo elimu.

Basi nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

La kwanza, katika kila chuo cha ufundi kinachofundisha uchoraji wa kompyuta kando ya ziwa hili, ufito utangulie kipanya. Mpe mwanafunzi ufito wa mita mbili, ubao na misumari sita, achore omo ya mashua kwa ukubwa halisi. Arudie mpaka mpindo utulie. Kisha ndipo aketi kwenye kompyuta achore mpindo ule ule, na apewe alama kwa uchache wa pointi zake. Samaki mkunje angali mbichi. Aliyeanza na pointi mia moja ni vigumu kumrudisha kwenye nne.

La pili, fundi aingie darasani kama mwalimu na alipwe kama mwalimu. Si kama mgeni wa siku moja anayepewa soda na kupigwa picha na mwalimu mkuu. Serikali inazungumza siku hizi kuhusu kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kukaa darasani. Vizuri sana. Mtu aliyeunda mashua miaka thelathini na watu bado wanazipanda, mnataka cheti gani kingine? Mitihani yake iko ziwani, inaelea.

La tatu, na hili litawakera wengi: faili ni mali. Vijana na mafundi wapime pamoja mashua zetu nzuri, taruma kwa taruma, wachore mistari yake, na michoro hiyo iandikwe jina la fundi na kuhifadhiwa na kamati ya ufuo, ile BMU. Atakayetaka kukata mashua kwa umbo hilo, awe kampuni, mradi au kaunti, aombe na alipie. Maana najua kitakachotokea tusipofanya hivyo. Atakuja mtu na kamera na kipimo, atachukua umbo lililotulia kwa vizazi, atalirudisha kwetu likiwa vipande kwenye sanduku, na tutalinunua. Mzee aliyeliunda atakuwa ameketi pale pale ufuoni, akiitwa mtu aliyepitwa na wakati.

Wakuu wa vyuo, usajili wa Septemba haungoji mtu. Ufito uko kwa seremala yeyote hapa Mbita, na misumari sita haijawahi kuhitaji bajeti ya ziada. Fundi mnajua anapopatikana. Mwendeeni asubuhi kabla jua halijawa kali, mumsalimie vizuri, na mumwambie mshahara ni kiasi gani.